Je, Wajua? Uongo wa Bima ya Gari Hauna Pa Kujificha Mafia

Gari likigonga mnazi Kilindoni, kisiwani Mafia, saa mbili usiku, Utende wanazo habari kabla ya saa tatu. Hata hivyo wapo wanaoamini kuwa kampuni ya bima iliyoko Dar es Salaam inaweza kusimuliwa ajali nyingine kabisa na ikalipa. Dondoo hizi ni za mwenye gari, pikipiki au bajaji ambaye bado hajatia saini fomu ya madai.

SHERIA INASEMAJE

1. Je, wajua kuwa bima ya mtu wa tatu si hiari? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, bila bima inayofidia kifo au majeraha ya watu wengine. Kuishi kisiwani hakuondoi wajibu huo.

2. Je, wajua kuwa kwa miaka mingi kiwango cha chini cha bima hiyo kwa gari dogo binafsi kimekuwa shilingi 100,000 kabla ya VAT? Ukiongeza asilimia 18 inakuwa 118,000. Kwa pesa hiyo gari lako mwenyewe halimo. Likibonyea, ni juu yako na fundi bodi wako.

3. Bima kubwa ya gari binafsi, inayolinda na gari lenyewe, hukatwa kwa asilimia ya thamani, na kiwango kilichozoeleka ni 3.5. Gari la shilingi milioni 20 hutozwa 700,000, na VAT ya asilimia 18 huipandisha hadi 826,000. Ni pesa nyingi, na ndiyo maana kuna wanaoona kwamba wasipodai chochote mwaka mzima wameibiwa. Hapo ndipo mawazo mabaya huanzia.

4. Je, wajua kuwa kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaeleza udanganyifu ni nini? Ni pamoja na kusema jambo unalojua si kweli, na kuficha kwa makusudi jambo unalolijua, kwa nia ya kumlaghai mwenzako katika mkataba. Sheria hiyo ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, hata namba ya kifungu ikabaki ileile.

5. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haihitaji kutaja neno "bima" ili ikunase. Kifungu cha 302 kinahusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Hundi ya fidia iliyopatikana kwa ajali ya kubuni inaingia humo moja kwa moja.

6. Risiti ya gereji ambayo haijawahi kununua hata skrubu ni hati ya kughushi. Kughushi ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake ya jumla ni hadi miaka saba. Kuiwasilisha hati hiyo ukijua ni ya uongo ni kosa jingine tena. Dai moja laweza kuzaa mashtaka matatu.

7. "Lakini sikulipwa!" Je, wajua kuwa hiyo si kinga? Kujaribu kutenda kosa nako ni kosa. Kampuni ikikugundua kabla haijalipa, umekosa fedha na kesi bado unayo.

8. Trafiki au daktari aliyepewa "ya soda" ili aandike maelezo ya kupika, pamoja na aliyempa, wote wanaguswa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hapo mlango unaogongwa ni wa TAKUKURU.

9. Je, wajua kuwa kosa la kawaida si udanganyifu? Kuandika Jumanne badala ya Jumatano kwa sababu ulichanganyikiwa baada ya ajali hakukufanyi mhalifu, maana sheria inatafuta nia ya kulaghai. Ila ukiliona kosa, lirekebishe mapema na kwa maandishi. Kosa lililoachwa makusudi hubadilika jina.

HASARA YA MWONGO

10. Je, wajua kuwa uongo mdogo waweza kuua dai kubwa la kweli? Tuseme bampa lako limevunjika kweli na tengenezo lake ni shilingi 300,000. Ukaongeza taa ya 200,000 iliyokuwa mbovu tangu mwaka juzi. Kwa kanuni ya kale ya sheria za Kiingereza, ambayo nchi za Jumuiya ya Madola ziliirithi, kampuni inaweza kukataa zote 500,000. Bampa la kweli linazikwa pamoja na taa ya uongo.

11. Uingereza iliiandika kanuni hiyo wazi katika Sheria ya Bima ya mwaka 2015, kifungu cha 12. Mwenye dai la ulaghai halipwi, alichokwisha kulipwa anaweza kudaiwa akirudishe, na kampuni inaweza kuuhesabu mkataba umekoma tangu siku ya ulaghai. Ada aliyolipa? Kampuni hailazimiki kuirudisha.

12. Fomu za kuomba bima mara nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa, kufutiwa bima au kunyimwa fidia. Ukijibu ndiyo, ada inaweza kupanda au mlango ukafungwa. Ukijibu hapana, umeanza uongo wa pili ili kuulinda wa kwanza.

13. Je, wajua kuwa majeruhi wa ajali ya kweli analindwa hata mwenye gari akiwa na makosa yake? Chini ya Sura ya 169, kampuni inaweza kubanwa kulipa hukumu aliyoshinda majeruhi, kisha katika hali kadhaa ikamgeukia mwenye bima imdai. Utajikuta unadaiwa na kampuni uliyoilipa ikulinde.

14. Gari ulilonunua kwa mkopo wa benki lina wenyewe wawili mbele ya bima. Likiharibika kabisa, benki ndiyo huwa ya kwanza kulipwa deni lake. Anayelichoma akitarajia fungu la pesa anaweza kuishia kulipa deni la gari ambalo halipo tena.

15. Je, wajua kuwa kukata bima kubwa mbili kwa gari moja hakukupi fidia mbili? Kazi ya fidia ni kukurudisha ulipokuwa kabla ya hasara, bila kukupandisha juu zaidi. Kampuni hizo mbili zitagawana mzigo. Ukidai kwa siri kote kuwili, huo ni ulaghai.

16. Gari likihesabiwa hasara kamili na ukalipwa, mabaki yake kwa kawaida huwa ya kampuni. Kung'oa injini usiku na kuwaachia bodi tupu ni kuchukua mali isiyo yako.

17. Kuongeza thamani ya gari siku ya kukata bima hakuongezi fidia, kwani kampuni hulipa thamani ya soko siku ya hasara. Kuipunguza nako kuna adhabu yake. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: gari la milioni 20 lililoandikwa milioni 10 limekatiwa bima nusu, hivyo tengenezo la milioni 4 linaweza kulipwa milioni 2 tu.

KISIWA NI SHAHIDI

18. Je, wajua kuwa barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende ni ya kilomita 14 tu hivi? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mkadiria hasara aliyetumwa na kampuni akitua uwanja wa ndege asubuhi, anaweza kuipitia barabara hiyo nzima, akaongea na wauza samaki na waendesha bodaboda, na bado akawahi ndege ya kurudi.

19. "Gari langu limeibwa." Sawa, limetokaje Mafia? Hakuna daraja. Gari huingia na kutoka kwa chombo cha baharini, na njia iliyozoeleka ni kati ya gati la Kilindoni na Nyamisati, wilayani Kibiti. Bandari zina kumbukumbu, mabaharia wana macho, na kupakia Noah kwenye chombo si jambo la kufanyika kimyakimya.

20. Je, wajua kuwa safari yenyewe ya baharini inaweza kuwa nje ya bima yako? Mikataba kadhaa ya bima kubwa hutaja gari likisafirishwa kwa barabara, reli na maji ya bara, yaani mito na maziwa. Mkondo wa Mafia si ziwa. Uliza kabla ya kupakia na upate jibu kwa maandishi, ili usije ukajaribiwa kusema gari liliharibikia nchi kavu.

21. Maji ya chumvi hayafichiki. Wakaguzi wa mizigo ya meli hutumia nitreti ya fedha: tone moja likikuta chumvi ya bahari, hutokea wingu jeupe. Anayedai injini ilijaa maji ya mvua ya masika, kumbe gari liliachwa ufukweni maji yakajaa, anaweza kuumbuliwa na kichupa kidogo cha dawa.

22. Mtu wa Mafia anajua bamvua na maji mafu, na mkadiria anaweza kuvisoma kwenye jedwali la maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3. Ukisema bahari ilifika kwenye gari saa sita mchana, jedwali litaeleza kama saa hiyo maji yalikuwa yamejaa au watu walikuwa wanaokota pweza miambani.

23. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu kisiwani Mafia na hapo kikaishiwa nguvu. Baada ya tukio la namna hiyo, kila bonyeo la zamani linaweza kupewa jina la kimbunga. Kumbuka mambo mawili: bima ya mtu wa tatu hailipi gari lako hata upepo ulipeperushe, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutunza kumbukumbu za mvua na upepo.

24. Mafia ni kisiwa cha minazi, na nazi huanguka bila kuangalia chini. Je, wajua kuwa alama yake hutambulika? Kitu kinachodondoka kutoka juu hubonyeza paa au boneti kuelekea chini, na kioo cha mbele hupasuka kutokea sehemu iliyopigwa. Ubavu uliochubuliwa kwa mlalo ni kazi ya ukuta, nguzo au gari jingine, na mnazi usisingiziwe.

25. Kutu ya chumvi ni uchakavu, na uchakavu hauna bima. Bodi iliyoliwa na upepo wa bahari kwa miaka kumi haiwezi kugeuka ajali ya wiki iliyopita. Ufa mpya wa chuma hung'aa na wa zamani huwa na rangi ya kahawia. Hata mtoto anaweza kuutofautisha.

26. Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wageni huongezeka na magari binafsi hupata kazi ya kuwabeba kwa malipo. Je, wajua kuwa bima ya matumizi binafsi haimfuniki abiria wa kulipa? Likitokea jambo njiani, mwenye gari hushawishika kumwita mtalii "rafiki yangu wa siku nyingi". Mtalii akirudi kwao atauliza bei ya matibabu yake, na risiti ya nauli anayo kwenye simu.

27. Dereva deiwaka asiye na leseni kagonga, bosi anajitokeza kusema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ni uongo maarufu Bara na visiwani. Unahitaji tu shahidi mmoja aliyekuwa kijiweni ili uanguke, na kijiwe cha Kilindoni hakikosi watu.

MACHO YA MKADIRIA HASARA

28. Je, wajua kuwa balbu husema kama ilikuwa inawaka? Waya mwembamba wa balbu ya kawaida ukiwa wa moto hunyumbuka na kujipinda kwa kishindo. Ukiwa baridi hukatika bila kunyumbuka. Anayedai "nilikuwa nimewasha taa" anaweza kujibiwa na taa yenyewe.

29. Magari mawili yakigusana hubadilishana rangi, na urefu wa makovu kutoka chini hulingana. Bampa la bajaji haliwezi kuacha mkwaruzo kwenye dirisha la Land Cruiser.

30. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kifaa, kilichounganishwa na mfumo wa eabegi, kinachohifadhi mwendo, breki na hali ya mkanda kwa takriban sekunde 5 kabla ya kishindo. Dereva akisema alikuwa mwendo wa 40 na kifaa kikasema 0, maana yake gari lilikuwa limeegeshwa.

31. Gari lililotumika kutoka Japan huja na historia. Karatasi ya mnada huonyesha kila kasoro kwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Bonyeo unalodai leo linaweza kuwa lilichorwa Yokohama kabla hujalilipia ushuru.

32. Picha ya simu hubeba saa na tarehe ndani yake, na pengine mahali ilipopigwa. Picha ya "ajali ya jana" iliyopigwa miezi minne iliyopita hujitaja yenyewe.

33. Je, wajua kuwa moto hauli kila kitu? Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, lakini chuma huhitaji karibu 1,500. Injini ya chuma, namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma, waya za tairi la akiba na jeki hubaki. Gari lililoungua "kwa bahati mbaya" huku redio, betri na tairi la akiba vikiwa vimeshaondolewa huleta maswali.

34. Mfupa nao una tarehe. Mfupa unaounga hujenga tishu mpya inayoonekana kwenye eksirei baada ya wiki kadhaa. Aliyevunjika mkono akianguka mnazini mwezi uliopita hawezi kuuleta hospitali ya wilaya Kilindoni leo, na fomu ya polisi PF 3 mkononi, kama jeraha la bodaboda la jana.

MAJIRANI NA DUNIA

35. Kenya ilianzisha mwaka 2011 kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima, kikifanya kazi na mamlaka ya bima ya nchi hiyo. Haikuwa bure. Kampuni ya United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zote zikiwa na magari mengi ya abiria. Wingi wa madai, ya kweli na ya kupikwa, ulitajwa miongoni mwa sababu. Kampuni ikizama, majeruhi wa kweli huzama nayo.

36. Januari 2024, California, gari la Rolls-Royce lilidaiwa kuraruliwa na dubu, na video ikatolewa kama ushahidi. Mtaalamu wa wanyamapori akaiangalia na kusema huyo ni binadamu aliyevaa vazi la dubu. Madai ya magari matatu yalifikia zaidi ya dola 141,000. Novemba mwaka huo watu wanne wakakamatwa, na vazi likapatikana nyumbani kwa watuhumiwa.

37. Si kila ajali ya kuigiza huchekesha. Mwaka 2011, kwenye barabara ya A40 huko Buckinghamshire, Uingereza, gari lilisimamishwa ghafla kwa makusudi ili ligongwe, kisha wahusika wadai fidia. Mwanamke aliyekuwa safarini akafa katika ajali iliyofuata. Huko New Orleans, Marekani, ambako watu walijigonga kwa malori makusudi, mmoja wa walioshtakiwa, aliyekuwa akiwasaidia wapelelezi, aliuawa Septemba 2020, siku chache baada ya mashtaka kutangazwa.

38. Je, wajua kuwa ulaghai wa vyombo ulianza baharini? Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, nahodha Hegestratos alikopa fedha kwa dhamana ya shehena. Kwa desturi ya wakati huo, chombo kikizama deni nalo lilikufa. Usiku akaanza kutoboa jahazi. Abiria wakamfuma, akaruka kuelekea mashua yake, akaikosa, akafa maji. Jahazi lilifika salama. Habari hizo zimo katika hotuba ya Demosthenes mahakamani Athens.

39. Januari 1980 meli ya mafuta Salem, iliyopakia Kuwait, ilizama nje ya Senegal. Waokoaji walishangaa: mabaharia walikuwa wamefungasha mizigo yao vizuri, na baharini mafuta yalionekana machache. Shehena kubwa ilikuwa imeshashushwa kwa siri Durban, kinyume cha vikwazo dhidi ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini.

40. Jirani yetu wa kaskazini, Ghuba ya Aden, alikuwa na yake. Julai 2011 meli Brillante Virtuoso iliungua baada ya kile kilichoitwa shambulio la maharamia. Mkaguzi Mwingereza aliyekwenda kuichunguza aliuawa mwezi huohuo kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake mjini Aden. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa shambulio lilikuwa la kuigiza na mwenye meli alihusika.

41. Je, wajua kuwa uongo unaweza kukugharimu hata usipouhitaji? Mwaka 2010 meli ya Kiholanzi DC Merwestone iliharibika injini kwa maji, hasara ya zaidi ya yuro milioni 3. Dai lilikuwa halali, lakini wenye meli waliongeza maelezo ya uongo kuhusu kengele ya tahadhari ili walipwe haraka. Walisumbuka mahakamani hadi Julai 2016, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kwamba uongo ule haukubadilisha haki yao. Ukweli ungewaepushia miaka ya kesi.

42. Kanuni ya uaminifu wa juu kabisa katika bima ilisemwa wazi na Jaji Mansfield mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm. Kilichokatiwa bima ni ngome huko Sumatra, ng'ambo ya Bahari yetu ya Hindi. Kanuni hiyo inakubana wewe, na kampuni nayo inaibana.

KABLA HUJATIA SAINI

43. Fedha za fidia hutoka kwenye ada za wenye bima wote, kama mfuko wa kikoba. Anayechota kwa uongo anamwibia mwenye daladala, mwenye hoteli na mwalimu aliyekopa pikipiki, na madai yakizidi ada, viwango hupanda kwa wote. Katika takaful, yaani bima ya Kiislamu, inayotolewa pia na Zanzibar Insurance Corporation, mchango hutolewa kwa nia ya kusaidiana. Humo jina la unayemdhulumu li wazi zaidi: ni ndugu yako mchangiaji.

44. Je, wajua kuwa stika yako ya bima unaweza kuihakiki mwenyewe? Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania hukuonyesha bima ya gari kwa kutumia namba ya usajili. Wakala akikupa karatasi ambayo mfumo hauijui, umeuziwa hewa. Bora ugundue leo kuliko siku ya ajali.

45. Ajali ikitokea: simama, saidia majeruhi, toa taarifa polisi, piga picha kabla gari halijasogezwa, chukua majina ya mashahidi. Kampuni itahitaji mchoro wa ajali, leseni ya dereva na fomu za polisi kama PF 90, PF 93 na PF 115. Usitengeneze gari kabla mkadiria hajaliona.

46. Usisaini fomu tupu. Wakala akisema "wewe weka saini, mengine nitajaza mimi", maneno atakayoandika yatahesabiwa kuwa yako.

47. Na kampuni ikikupunja je? Je, wajua kuwa ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009? Lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi, kisha TIRA au kwa msuluhishi. Kucheleweshewa fidia ni kero ya kweli, lakini dawa yake ni malalamiko. Risiti ya kughushi humpa mwenye kukupunja sababu halali ya kutokukulipa kabisa.

48. Hadi mwaka 1996 soko la bima Tanzania Bara lilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa mwaka 1963. Leo kampuni ni nyingi, na huduma ikikukera unaweza kuhama mwaka ujao. Utakapohama, hakikisha jina lako ni safi. Ndugu msomaji, sema kilichotokea kama kilivyotokea, dai ulichopoteza na usiongeze hata taa moja. Ukishalipwa kwa haki, hakuna atakayekuja kubisha hodi kukudai.